Kadi ya Jina

Old Kampala,
2 Septemba 1974

Kwa Mwalimu wangu Masinde,

Shikamoo. Natumaini kuku wako hawajambo na mwenye nyumba wako bado hajakushinda ile kesi ya jogoo. Barua hii inakufikia kwa mkono wa mjomba wangu Wahabi, dereva wa lori la mizigo, kwa hiyo usishangae bahasha ikinuka samaki wa kukausha. Jibu kwa mkono wake pia. Siku hizi barua za posta hufika zikiwa zimeshasomwa njiani, na wasomaji wenyewe hawana hata adabu ya kuzigundisha vizuri.

Ni miaka minne tangu uliponifundisha huko Nairobi kuandika programu, na leo mwanafunzi wako ndiye mwandishi pekee aliyebaki katika chumba chetu cha kompyuta. Waingereza walikwenda, Wahindi wakafuata. Tarcisio, aliyekuwa akinisomea kazi zangu kuzikagua, aliitwa nje mwezi wa tano na watu wawili waliokuja na gari, na sweta lake bado limening'inia kwenye kiti. Hatuligusi. Tumebaki mimi, Erinayo fundi wa mashine, Joska anayetoboa kadi za kulishia mashine, na mkuu wetu mpya.

Mkuu mpya ni mwanajeshi, Kapteni Jafar. Siku ya kwanza aliizunguka kompyuta kama mtu anayenunua ng'ombe, akaipigapiga ubavuni, akaniuliza, "Wewe binti, hii masini iko na kabila?"

"Hapana, afande."

"Iko na shemeji?"

"Hapana."

"Basi iko muzuri kuliko sisi wote hapa. Itatugawia nyumba."

Na kweli ametupa kazi hiyo. Serikali imejenga nyumba kumi na mbili za watumishi huko Makindye, upande ule usio na kambi ya jeshi, na walioomba wanapita mia sita. Kapteni anataka mashine ichague kwa bahati nasibu, mbele ya watu, ili asilaumiwe mtu. Wazo hilo limenifurahisha kuliko nilivyotegemea kufurahishwa na buti la jeshi.

Nakuletea programu yangu uisome. Nimeanza na kadi ya jina kama ulivyotuzoesha, IMEANDIKWA NA na IMESOMWA NA, na nimeagiza mashine isimame papo hapo ikikosa mojawapo. Majina hayo yatachapwa juu kabisa ya matokeo. Nafasi ya pili nimeweka jina lako, maana hapa hakuna mwingine wa kusoma.

Joska anakusalimu ingawa hakujui. Ni mjane wa polisi, ana watoto wawili, na anatakiwa kuhama kwenye nyumba za polisi kabla ya mwaka kwisha. Naye ameomba.

Mwanafunzi wako,
Kaltumi


Makadara, Nairobi,
15 Septemba 1974

Binti yangu Kaltumi,

Marahaba. Mjomba wako amefika na barua ikiwa imechelewa wiki nzima, akasema lori lilipata malaria. Nilimpa chai, akala na mkate wote. Kesi ya jogoo inaendelea, na jogoo mwenyewe anawika saa kumi alfajiri kana kwamba ndiye shahidi mkuu.

Programu yako nimeisoma kwa njia yangu ya zamani: nilitandaza karatasi mezani, nikapanga vifuniko vya soda, nikajifanya mashine. Kwa namba ya kuanzishia bahati nasibu, nilianza na namba ya mlango wangu. Halafu na mwaka niliooa. Halafu na namba aliyonitajia mke wangu akiwa jikoni, bila kujua ni ya nini. Kila mara nyumba zilikwenda kwa watu tofauti, kama inavyotakiwa. Isipokuwa mwombaji mmoja, namba 417. Huyo alipata nyumba mara zote. Nikajiambia, huyu mtu ana nyota ya ajabu. Nikarudi kwenye kadi zako moja moja mpaka nikaikuta ile uliyoipachika karibu na mwisho, imejikunyata kama mwizi wa kuku nyuma ya pipa.

Sihitaji kuambiwa 417 ni nani. Ulimtaja mwenyewe katika mstari wako wa mwisho.

Kaltumi, najua una moyo mzuri, na ndiyo maana nimekasirika. Nyumba hiyo si yako. Kuna mtu mmoja kati ya hao mia sita, humjui jina wala watoto wake, ambaye kadi yako imemnyang'anya bahati yake, na wala hatajua kamwe. Huruma ni kitu anacholipa mwenyewe mwenye huruma. Ukimlipisha mwingine, umeiba tu, hata kama umeiba ukilia. Ukitaka kumsaidia Joska, msaidie kwa chako.

Tena fikiri: siku mkubwa fulani atakapokuja na 417 wake, utamwambia nini? Kwamba wako ni mjane?

Itoe hiyo kadi. Yaliyobaki ni safi, tena umeandika vizuri kuliko nilivyokufundisha.

Jina langu pia liondoe. Mimi ni mtu wa nje, nyakati si njema, na kijipensheni changu sipendi kukitafutia maswali. Mtafute msomaji wa huko huko. Na huyo kapteni wako usimwamini. Mtu anayecheka na silaha kiunoni hajakuonyesha bado uso wake.

Ni mimi,
Z. Masinde


Old Kampala,
29 Septemba 1974

Mwalimu,

Shikamoo. Nilipoisoma barua yako nilinuna siku mbili. Bibi, ambaye bado naishi kwake, akaniuliza kama ni funga ya Ramadhani inanichosha au ni mwanamume. Nikamwambia ni mwanamume wa Nairobi mwenye mvi, akasema basi afadhali funga.

Siku ya tatu niliitoa ile kadi, nikaichana. Joska hakujua niliiweka, na hajui nimeitoa. Jana alinionyesha rangi ya kitambaa cha pazia anachokitamani, na nilitazama pembeni. Una haki, Mwalimu. Lakini usidhani haki yako haiumi.

Jina lako nimeliondoa.

Sasa sikia habari ya msomaji wangu mpya. Nilimweleza Kapteni kwamba programu yetu haiendi mpaka isomwe na mtu wa pili aweke jina lake. Nilitegemea apige kelele. Akauliza, "Huyo mutu lazima awe na digirii?"

"Hapana, afande. Lazima asome tu, aelewe, asidanganye."

"Basi mimi nasoma."

Nikafikiri ni mzaha. Kesho yake saa tisa alikuja na penseli mbili amezichonga. Nikamletea finjani za kahawa za Bibi na kikapu cha karanga, nikamwonyesha: kila finjani ni mahali ambapo mashine inaweka namba, na karanga ndizo namba. Tukajitungia waombaji ishirini wa mfano na nyumba tatu. Mimi nasoma kadi, Kapteni anahamisha karanga, Joska anaandika, Erinayo anashika finjani zisimwagike. Kapteni alivua kofia. Kila hatua alirudia kwa sauti, "Gawanya. Inayobaki weka hapa. Huyu amepata, mutoe kwa mustari." Alikuwa kama mtoto anayejifunza bao, na alinikasirikia kweli nilipotaka kumsaidia.

Nyumba ya kwanza ikaenda kwa mwombaji wa saba, ya pili kwa wa kumi na tatu. Ya tatu ikaenda kwa mwombaji sifuri. Hakuna mtu kama huyo. Tukarudia kadi zote. Kapteni akaanza kusema labda programu ina kosa, mimi nikaanza kutokwa na jasho, mpaka Joska akamtazama Erinayo mdomoni.

Erinayo ni Mkristo, hafungi. Alikuwa anatafuna.

"Erinayo," nikamwambia, "umekula finjani ya mwisho."

"Zirikuwa karanga sita tu, nyabo. Mimi nirifikiri zimebaki."

"Zilibaki, ndiyo. Hizo zilizobaki ndizo jibu. Umemla mwombaji wa sita."

Kapteni alicheka mpaka akashika meza. Kisha akamwamuru Erinayo akae na mikono mgongoni, tukaanza upya. Ilituchukua alasiri tatu kumaliza programu yote. Mwisho akageuza penseli, akasema polepole, "Sasa najua. Hakuna mahali ya kuficha mutu hapa ndani. Mimi nimetafuta." Nilihisi masikio yanapata moto, Mwalimu, maana mahali palikuwapo.

Mwenyewe akampa Joska jina lake alitoboe kwenye kadi.

Mwanafunzi wako,
Kaltumi


Makadara,
8 Oktoba 1974

Binti yangu,

Nimemsomea mke wangu habari ya Erinayo mara mbili, na sasa kila nikipitisha mkono kwenye bakuli la karanga ananiuliza nimemla mwombaji gani.

Umefanya vyema, nami sirudii yaliyopita. Pazia la Joska limenigusa pia, usidhani mimi ni jiwe.

Lakini askari anayehesabu karanga bado ni askari. Kusoma ni rahisi wakati hakuna anayekuomba kitu. Subiri aombwe.

Mjomba Wahabi anasema atapitia Eldoret akirudi. Nimemuuliza Eldoret kuna mzigo gani, akatabasamu.

Z. Masinde


Old Kampala,
21 Oktoba 1974

Mwalimu,

Shikamoo. Idd ilipita salama. Leo naandika haraka kwa sababu Wahabi anaondoka alfajiri.

Ulisema subiri aombwe. Ameombwa.

Jana simu ya Kapteni ililia, akasimama wima kuipokea, nikajua anayeongea ni nani: mkubwa wake, ambaye hapa tunamwita Mkubwa tu. Ametaja watu saba ambao lazima watoke kwenye mashine, mbele ya watu, kama kwa bahati. Hakuyaandika majina mahali popote. Watu kama hao hawaandiki. Kapteni ameyashika kichwani, akaja akanitajia mezani kwangu kwa sauti ya chini, bila kunitazama. "Andika programu ingine," akasema. "Iwe inafanana na ile. Ijumaa."

Nilitaka kumwambia ni vibaya. Sikuthubutu, Mwalimu, kwa sababu ulikuwa umeniuliza swali hilo hilo, na nilikuwa na 417 wangu. Nikasema tu, "Ndiyo, afande."

Naogopa. Nalitazama sweta la Tarcisio na naogopa kabisa. Nikikataa, itakuwaje kwa Bibi? Nikikubali, watu mia sita watasimama ukumbini wakiiamini mashine, na juu ya karatasi litakuwa jina langu. Kuandika ule uongo si kazi ngumu, ningeumaliza kwa asubuhi moja. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Niambie nifanye nini. Ijumaa si mbali, na najua jibu lako halitawahi, lakini nikikuandikia nakuwa kama nimekaa tena kwenye benchi lako la mbele.

Kaltumi


Makadara,
24 Oktoba 1974

Kaltumi mwanangu,

Wahabi amefika leo mchana, mara hii bila malaria. Anaondoka jioni, nami namwomba apitie njia iliyonyooka.

Andika wanachotaka. Nisikie vizuri: andika. Toa kadi ya jina, toa ile amri ya kusimama, waachie karatasi isiyo na jina la mtu. Kanuni zangu zilikuwa za darasani, ambako kosa kubwa kabisa lilikuwa kupoteza saa moja ya mashine. Sikuzitunga kwa ajili ya watu wanaokuja na gari.

Au usiandike kitu, uje. Panda lori la mjomba wako pamoja na Bibi. Mke wangu ameshatandika kitanda, na jogoo nitamchinja ulale mpaka asubuhi.

Hakuna programu duniani inayolingana na wewe.

Mwalimu wako,
Zakayo


Old Kampala,
18 Novemba 1974

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo. Kwanza tulia: mimi mzima, Bibi mzima, Erinayo mzima na amenenepa. Usimchinje jogoo.

Barua yako ya tarehe ishirini na nne nimeipata juzi. Wahabi hakupitia njia iliyonyooka. Ana mke wa pili Eldoret, sasa tumejua, na barua yako ilikaa huko chini ya mto wakati sisi huku tunamaliza mambo. Bibi amemfungulia kesi ambayo ya jogoo wako ni mchezo.

Nikueleze Ijumaa ile. Nilikwenda kazini bila kuandika kitu. Kapteni akaja, akafunga mlango. Joska na Erinayo walikuwamo, sikutaka watoke. Nikasema, "Afande, naweza kuiandika. Lakini itakuwa programu mpya, si ile uliyoisoma, na lazima iwe na kadi mpya ya jina. Aliyeandika ni mimi. Aliyesoma niweke nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, lakini hakufoka. Akauliza, "Hakuna njia ya kuondoa hiyo kadi?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia ukweli. "Ipo. Naitoa kwa dakika tano. Mashine yenyewe haijali. Ni sisi tuliojiwekea."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Mwalimu wangu, afande. Yuko Nairobi."

Akavua kofia, kama siku ya karanga. "Mimi nimesoma ile ya kwanza," akasema. "Alasiri tatu, na njaa ya funga. Nikiweka jina yangu kwa hii ingine, jina yangu inasema wongo mbele ya watu yote. Na nikiondoa jina, mbona niliweka mara ya kwanza?" Hakuwa akituuliza sisi.

Akavuta simu. Alisimama wima tena, na tulisikia upande wake tu.

"Afande, programu inataka jina ya mwenye amri. Inaandikwa juu ya karatasi, na karatasi inabandikwa mulangoni. Ndiyo, watu yote wanasoma. Hapana, afande, hatuwezi kuacha wazi. Mimi nimejaribu kuacha wazi, programu imesimama. Ndiyo. Tuandike jina yako pamoja na cheo, ao jina peke yake?"

Ni kweli alijaribu. Siku alipompa Joska jina lake alitaka kwanza aone mashine ikikataa, akafurahi ilipokataa.

Mwalimu, nilisikia jokofu la chumba cha pili. Halafu Kapteni akasema "Ndiyo, afande" mara tatu, akarudisha simu mahali pake taratibu.

"Anasema masini ifanye kazi yake," akatuambia. "Anasema yeye hakupiga simu."

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Aliomba maji. Akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye kiti cha Tarcisio, sweta likiwa mgongoni pake, na hakuna kati yetu aliyemwambia ainuke. Nililia kidogo. Erinayo akamsogezea karanga.

Bahati nasibu tuliifanya wiki iliyofuata. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Kapteni aliomba watu watatu kutoka katikati ya umati wataje kila mmoja namba yoyote. Mama mmoja muuza ndizi alitaja umri wa mumewe, na mumewe akabisha hapo hapo, tukapoteza muda. Tukaziunganisha namba hizo kuwa namba ya kuanzia, Joska akaitoboa mbele yao, Erinayo akaingiza kadi. Karatasi ikatoka. Mstari wa juu kabisa: IMEANDIKWA NA KALTUMI, IMESOMWA NA JAFAR. Chini yake washindi kumi na wawili.

Sasa cheka. Mshindi wa tano ni shemeji yake Mkubwa. Kwa bahati tupu, naapa. Ukumbi wote ukaguna, "Tulijua." Kapteni alicheka mpaka kofia ikaanguka. Baadaye tulisikia Mkubwa amemsifu kwa kazi nzuri, akidhani tulimfichia mmoja kwa heshima. Haki nayo ina utani wake.

Namba 417 haikutoka.

Niliisoma karatasi juu mpaka chini, kisha chini mpaka juu. Joska alikuwa kando yangu, alishaona kabla yangu kwa sababu yeye ndiye anayezijua namba kwa macho. Akasema, "Basi, haidhuru," akaanza kupanga kadi ndani ya sanduku, zote zikiangalia upande mmoja, polepole mno. Nilikumbuka ile kadi niliyoichana. Kama ingekuwamo, angekuwa anacheka. Nilikuchukia kwa muda wa kama kupanda ngazi, Mwalimu, unisamehe.

Nilipofika nyumbani nikamweleza Bibi yote, pamoja na kadi niliyoificha na barua yako. Bibi akasikiliza huku anasuka ule ungo wake wa rangi. Akasema, "Masini yenu haina nyumba. Imegawa nyumba ya watu. Sisi tuko na nyumba." Akaniangalia juu ya miwani. "Lakini chumba changu mimi sitoi, nina mifupa ya kizee."

Kwa hiyo nimetoa changu. Ulisema nimsaidie kwa changu. Basi hiki ndicho nilichonacho. Joska na wanawe, Amito na Acen, walihamia Jumamosi na lile pazia la rangi ya machungwa, ambalo sasa linaning'inia kwenye dirisha lililokuwa langu. Mimi nalala sebuleni kati ya nyungo za Bibi. Acen anaota kwa sauti, Amito ananiibia viatu, na Joska anatupikia mboga ya malakwang mpaka Bibi ameanza kusema kwamba chakula cha Acholi si kibaya, maneno ambayo sikuwahi kutegemea kuyasikia chini ya bati hili. Sijawahi kulala vibaya hivi. Nina furaha.

Kuhusu ushauri wako: mganga hajigangi, Mwalimu. Wewe ndiye uliyetufundisha kadi ya jina, na wewe ndiye wa kwanza kunitaka niitoe. Sikulaumu. Ulinipenda kuliko kanuni yako, nami nimeihifadhi barua hiyo pamoja na vyeti vyangu. Lakini nafasi ya IMESOMWA NA ilijazwa na yule uliyeniambia nisimwamini, na nilitaka ujue.

Kapteni ameomba anwani yako. Nimempa.

Mwanafunzi wako daima,
Kaltumi


Kampala,
2 Desemba 1974

Kwa Muzee Masinde,

Salamu nyingi. Mimi ni Kapteni Jafar, ambaye Kaltumi amekuambia. Swahili yangu ni ya kambini, utanisamehe.

Tangu ile kazi ya nyumba mimi najifunza kuandika programu. Sasa nimeandika moja, ya kwanza. Ni ya kugawa zamu ya walinzi wakati wa sikukuu, maana hapa kila mwaka ni watu wale wale wanalinda, wale hawana mutu mukubwa wa kuwasemea. Nimeweka karanga mara nyingi. Inaonekana muzuri, lakini mimi siwezi kujisoma mwenyewe, ndiyo nakutumia.

Kaltumi amekataa kusoma. Anasema mimi ni mukuu wake, na musomaji mwenye kuogopa hafai. Anasema wewe uko mbali, huogopi.

Kadi ya jina nimeweka. Nafasi ya pili iko wazi. Kama hutaki kuweka jina yako kwa karatasi ya jeshi ya huku, sema tu. Sitakasirika. Mimi pia nilitetemeka.

Ukisoma, usinihurumie.

Jafar, Kapteni


Makadara, Nairobi,
14 Desemba 1974

Kwa Kapteni Jafar,

Salamu. Kaltumi amekuambia siogopi. Huyo binti ana adabu nyingi, amenifichia. Mimi naogopa sana, bwana. Nilimwambia aondoe jina langu kwenye kazi ambayo wewe uliweka lako, tena mimi nikiwa huku ng'ambo ya mpaka na kuku wangu, nawe ukiwa chumba kimoja na ile simu. Nilimwambia pia asikuamini. Kwa hilo nakuomba radhi waziwazi.

Programu yako nimeisoma jioni nne, kwa vifuniko vya soda.

Ina makosa. Kadi ya saba inawapa walinzi wa Krismasi zamu ya Idd pia, kwa sababu umesahau kurudisha hesabu mwanzo. Kwa Idd ya mwezi huu, inayokaribiana na Krismasi, kuna maskini mmoja ambaye angesimama getini siku zote mbili bila kula wali wa upande wowote. Kadi ya kumi na moja inafanya kazi ambayo kadi ya tisa imeshaifanya, itoe. Na mahali pale ulipoandika kwamba mwenye cheo cha kapteni na kuendelea asihesabiwe, sikuona kosa la mashine. Nimeona tu mtu aliyejisahau. Fikiria.

Yaliyobaki ni safi. Nilitafuta mahali pa kumficha mtu, sikupaona.

Barua hii siitumi kwa Wahabi. Naituma kwa posta, na stempu yake. Watakaoifungua njiani nao waisome kwa makini. Msomaji wa tatu hajawahi kuharibu programu.

Ukisharekebisha hizo kadi tatu, mwambie Joska atoboe hivi, na asifupishe:

IMEANDIKWA NA JAFAR, KAMPALA.
IMESOMWA NA ZAKAYO MASINDE, MAKADARA, NAIROBI.